Samaki wa Tangini Umeme Unapokatika

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya, na mahali pengi ulikosekana kwa saa nyingi. Katika usiku wa namna hiyo, mwenye tangi la kioo la kufugia samaki, nyumbani au katika maabara ya shule, aghalabu huhangaikia taa. Taa haina neno. Samaki hustahimili giza. Kinachopasa kuangaliwa ni pampu ya hewa iliyosimama.

Maji hubeba oksijeni chache mno. Yakiwa na joto la nyuzi 28 za Sentigredi, maji yasiyo ya chumvi hushiba kwa miligramu 7.8 hivi katika kila lita. Hebu tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 40. Likijaa lina lita 72, na oksijeni iliyomo ni miligramu 562 hivi. Kiasi hicho chote kimo katika lita mbili tu za hewa tunayovuta!

Tuseme mna perege wadogo wenye uzito wa jumla wa gramu 300, na tukadirie kwamba kila kilo ya samaki hutumia miligramu 200 kwa saa. Hao wetu watatumia 60. Tukitaka oksijeni isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, akiba yetu ni miligramu 346, nayo haitatimiza saa sita. Hesabu hii si kamili, kwani oksijeni kidogo huingia kupitia uso wa maji. Lakini bakteria, na mimea wakati wa giza, huitumia pia. Ndiyo maana samaki walioonekana wazima jioni huweza kukutwa wamekufa alfajiri.

Wengi hudhani kwamba mapovu ya pampu ndiyo yanayotia oksijeni majini. Hutia kidogo tu. Kazi yao kubwa ni kuyapandisha maji ya chini na kuuvuruga uso. Katika maji yaliyotulia oksijeni husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Hivyo tabaka la juu hushiba ilhali chini kuna upungufu. Kazi hiyo ya pampu mkono waiweza. Ondoa kifuniko, chota maji ya tangi hilo hilo kwa kopo, uyamimine tena kutoka kimo cha shibiri moja, kwa dakika chache, na urudie kila nusu saa. Usiwalishe samaki, kwa kuwa kuyeyusha chakula huongeza matumizi ya oksijeni, na mabaki huoza. Wakija juu wakitweta, usingoje nusu saa itimie. (Kambare hupanda juu kwa desturi yake, maana ana kiungo cha kuvutia hewa, asikutie hofu.)

Mahali penye baridi, kama Njombe, funika pande za tangi kwa blanketi na uache juu wazi.

Jambo moja la fizikia husahauliwa. Pampu iliyowekwa chini ya usawa wa maji ikizimika, maji huweza kurudi kwa mrija hadi ndani yake na kuiharibu, kisha yakamwagika sakafuni. Itundike juu ya usawa huo.

Umeme ukirudi, usiliwashe papo hapo chujio la aina ya kopo lililofungwa. Ndani yake huishi bakteria wanaogeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti na hatimaye nitrati, nao huhitaji oksijeni. Maji yakisimama humo kwa saa nyingi, bakteria hao huanza kufa, na uchafu uliooza husukumwa tangini mara pampu inapoanza. Lifungue kwanza, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi wala si ya bomba yenye klorini, ndipo uliwashe. Na kwa siku chache walishe samaki kidogo tu, hadi bakteria waongezeke tena.