Sindano ya ganzi: Si kila anayeweweseka ana jini

Ndugu msomaji, leo tuangalie jambo ambalo familia nyingi hulichanganya. Mtu amechomwa sindano ya ganzi ili ashonwe jeraha, au mtoto atahiriwe. Baada ya dakika chache anaanza kuweweseka, anaona watu wasiokuwepo, anasikia sauti. Nyumbani husemwa, "Kapandwa na jini."

Dawa ya ganzi inayotumika sana ni lidokeini. Huzuia mishipa ya fahamu ya sehemu iliyochomwa isipeleke maumivu kwenye ubongo. Lakini ikiingia kwenye mshipa wa damu, au ikizidi kipimo, hufika kwenye ubongo wenyewe na kuuvuruga. Jambo hili ni nadra, ila ni la hatari.

Dalili za mwanzo ni ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, macho kuona ukungu, na midomo kufa ganzi kwa mtu ambaye hakuchomwa mdomoni. Kisha huja wasiwasi na maruweruwe. Baada ya hapo mgonjwa anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu, na hata moyo kusimama.

Kipimo hufuata uzito. Lidokeini isiyo na adrenalini haitakiwi kuzidi miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 mwisho wake ni miligramu 30. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, hivyo mililita moja na nusu tu inatosha kumfikisha hapo. Ndiyo maana hatari ni kubwa mtoto anapotahiriwa nyumbani na mtu anayekadiria dawa kwa macho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, zingatia haya:

1. Kabla ya sindano, mtoto apimwe uzito. Mweleze mtaalamu kama mgonjwa ana maradhi ya moyo, ini au kifafa.

2. Dalili zikitokea, mwite mtaalamu papo hapo. Kama mko nyumbani, mkimbizeni hospitali.

3. Akipata degedege au kupoteza fahamu, mlazeni ubavu. Msimtie kitu chochote mdomoni.

4. Semeni amechomwa dawa gani, kiasi gani na saa ngapi.

Dua haikatazwi, lakini isomwe mkiwa njiani kwenda hospitali. Mgonjwa huyu anahitaji hewa ya oksijeni na dawa ya kutuliza degedege, na kila dakika ina thamani.

Wabillahi tawfiq.