Kijiji cha Aberfan na Makanisa Yake

Katika somo la jiografia tunafundishwa kuwa makaa ya mawe ndiyo yaliyoendesha merikebu na viwanda vya Uingereza. Nimeona vema kueleza habari za kijiji kimoja cha watu walioyachimba, nacho ni Aberfan, katika nchi ya Wales.

"Aber" kwa Kiwelisi ni mahali kijito kinapoingia mtoni. Hapo kijito cha Fan huingia katika mto Taff. Zamani palikuwa na mashamba machache tu. Mwaka 1869 John Nixon alianza kuchimba mgodi karibu na hapo, watu wakaja kutafuta kazi, nyumba zikajengwa safu safu. Wengi wao hawakuwa wa Kanisa la Uingereza, basi katika vijiji kama hivi wachimbaji walichanga fedha zao wakajijengea makanisa. Humo hawakusali tu. Waliimba kwa sauti nne, na katika shule ya Jumapili wakubwa kwa wadogo walisoma kwa lugha yao. Mzee mwenye ndevu alikaa darasani, jambo ambalo sisi lingetuchekesha!

Mawe na taka za mgodi zilirundikwa mlimani, juu ya kijiji. Rundo la 7 lilianzishwa mwaka 1958 juu ya chemchemi. Mwaka 1963 mhandisi wa baraza la mji aliandika barua akionya kwamba ni hatari kwa shule ya Pantglas iliyokuwa chini yake, lakini rundo likazidi kukua. Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, liliporomoka. Walikufa watoto 116 na watu wazima 28.

Maiti zililazwa katika kanisa la Bethania. Wazazi walipanga mstari nje, wakaingia kuwatambua watoto wao juu ya mabenchi ya ibada. Kanisa lile lilibomolewa, likajengwa jipya mwaka 1970.

Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 1967, ikailaumu Halmashauri ya Taifa ya Makaa. Hata hivyo hakuna mtu aliyeshitakiwa. Wanakijiji walipodai marundo yaliyosalia yaondolewe, zilitwaliwa pauni 150,000 kutoka katika fedha za msiba, walizochangiwa na watu wa nchi nyingi. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma juu ya msiba. Zilirudishwa mwaka 1997, bila faida yo yote, na mgodi wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa tangu mwaka 1989.