Mas-ala ya Kupekuliwa Gari la Mfanyakazi

Ametuuliza ndugu mmoja wa Garissa, aliyeajiriwa afisini: kila jioni atokapo, bawabu hulifungua gari lake, hutazama buti, kisha hutia mkono katika kisanduku cha mbele na kuzisoma karatasi zilizomo. Je, yuna haki ya kukataa?

Tusianze kwa kuidharau khofu ya watu. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mji ulioyaona hayo haulaumiwi kwa kutazama chini ya magari langoni, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sharia. Lakini bomu halifichwi ndani ya barua ya mke, wala katika cheti cha daktari.

Mwenyezi Mungu amekataza upelelezi katika Sura al-Hujurat, aya ya 12. Na katika an-Nur, aya ya 27, ameamrisha tusiingie nyumba za watu ila kwa idhini. Gari si nyumba, wala hatusemi hukumu zake ni moja. Ila Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho, na jicho huziona garini siri zile zile za chumbani.

Itazameni Sura Yusuf. Kulipotea kopo la mfalme, likatajwa, wakaulizwa wenye mizigo, ndipo mizigo ikafunguliwa, ya wote, si ya mmoja. (Hila iliyokuwamo ilikuwa kwa mpango wa Mwenyezi Mungu, meneja asijipimie kwayo.)

Watu wa Kaskazini Mashariki, tangu hali ya hatari ya Desemba 1963, wamesimamishwa na kupekuliwa hata baadhi yao hudhani faragha ni ya watu wengine. Sivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake. Na haipunguzwi ila kwa sheria na kwa kiasi cha haja. Mafakihi wetu nao husema dharura hupimwa kwa kadiri yake.

Basi, ikiwa ukaguzi ni sharti la mkataba aliouridhia, na afungue buti, kwani Muislamu hufungwa na sharti lake. Na likaguliwe gari la mkubwa kama la mfagiaji, la mtu wa bara kama la Msomali. Na mkoba wa mwanamke ufunguliwe na mwanamke mwenziwe. Ama karatasi, simu na dawa, hayo hayamo katika kufungua buti: auzuie mkono kwa upole, aulize ni kitu gani kilichopotea. Bawabu asitukanwe, naye ametumwa. Maneno apelekewe aliyemtuma, kwa barua, siku iyo hiyo.