Mashine Ikizima Njiani: Mwongozo kwa Mabaharia wa Majahazi ya Deira

Mwongozo huu ni wa nahodha, makanika na baharia yeyote anayepakia mzigo Deira, Dubai, na kuelekea Bosaso, Berbera, Mogadishu au pwani ya kwetu. Unahusu mashine ya dizeli inayozima au kusumbua chombo kikiwa njiani.

Kosa linalopoteza vyombo ni watu wote kukimbilia chumba cha mashine. Chombo kisicho na mtu usukani hugeukia mawimbi ubavu, mzigo ukahama, na hapo hata mashine ikiwaka imeshachelewa. Marubani wa ndege ndogo hufundishwa wafuate mpango ambao sisi pia unatufaa: kwanza iongoze ndege, kisha jua unakokwenda, ndipo uzungumze na walio chini. Kwa hiyo nahodha abaki usukani, makanika ashuke na msaidizi mmoja tu, na waliobaki wasimame omo karibu na nanga.

Ndani ya Khor, yaani hori ya Dubai, huna muda. Abra, mashua za kuvushia watu, hazikomi kukatiza kati ya Deira na Bur Dubai, nyingine zina abiria 20. Usukani hufanya kazi maadamu chombo bado kinasonga, basi mwendo uliobaki utumie kukiweka kando, piga honi, shusha nanga. Nanga isifungwe kwa safari mpaka mmeshatoka mlangoni.

Ghuba yenyewe ina kina kidogo, wastani wa kama mita 35, na sehemu nyingi amari itafika chini. Tia nanga kuliko kuachia upepo ukupeleke kwenye mitambo ya mafuta au njia ya meli. Ukishapita Hormuz kina huzidi. Huko tupa nanga ya kuelea, hata ya turubai na kamba nene iliyofungwa omo, ili chombo kielekee mawimbi. Chombo kinachoelea bila mashine huonyesha usiku taa mbili nyekundu, moja juu ya nyingine, na mchana maumbo mawili meusi ya mviringo yaliyopangwa vivyo hivyo.

Sasa mashine. Kabla ya kuigusa, makanika aulize: ilizimaje? Kama mlio ulipanda na kushuka kwanza, shuku mafuta: filta imeziba, tangi lina maji, au bomba limevuta upepo. Kinga mafuta ya chini ya filta kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji yatakaa chini ya dizeli. Badilisha filta, legeza skrubu ya kutolea upepo, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe, kaza. Usiendelee kupiga stata bila kujua sababu, kwa kuwa betri hiyo huenda ndiyo ya redio na taa.

Kama ilizima kwa ghafla gia ikiwa imeingia, na sasa inawaka gia ikitolewa, yamkini kamba au wavu umeshika propela. Asizame mtu kabla makanika hajazima kila kitu na kutia ufunguo mfukoni mwake.

Joto lataka uangalifu zaidi. Wakati wa kiangazi maji ya Ghuba hupita nyuzi 32, kwa hiyo mfuko mmoja wa plastiki kwenye tundu la kuvutia maji watosha kupandisha geji. Punguza mwendo, tazama kama maji yanatoka nje. Kama hayatoki, zima, funga vali ya bahari, safisha chujio. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto. Presha ya oili ikishuka, zima mara moja, isipokuwa kuzima kutawatupa miambani. Hapo uamuzi ni wa nahodha, naye achague watu, mashine iungue. Kila mara tazameni na ngama, kwani penye shafti maji huweza kuingia kimya kimya.

Moshi mzito ukitoka chumba cha mashine, msifungue mlango kuchungulia. Kateni mafuta kutoka nje, zibeni matundu ya hewa.

Redio ipigwe mapema, chaneli 16. Maisha yakiwa hatarini sasa hivi, sema Mayday mara tatu. Kama bado, sema Pan-pan mara tatu. Taja jina la chombo, mahali mlipo, idadi ya watu na tatizo. Karibu na pwani ya Imarati, penye mtandao wa simu, walinzi wa pwani hupatikana kwa 996. Wengi huchelewa kwa kuona haya au kumwogopa tajiri, na saa hizo hizo mwanga wa mchana unakwisha.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, hauvibani vyombo vya mbao vya kienyeji, wala meli za mizigo zisizofika tani 500 kwa sehemu kubwa ya masharti yake. Basi msidhani kuna mkaguzi aliyewatazamia. Kabla ya kufungua kamba, makanika amwonyeshe nahodha kwa mkono wake filta za akiba, mkanda na mpira wa pampu ya maji, oili, betri ya pili na redio iliyojaribiwa. Kimoja kikikosekana, safari ingoje, hata kama mzigo umeshafunikwa turubai na tajiri anapiga simu.