Udongo Uliofunikwa Si Udongo Uliosafishwa

Mwanafunzi mmoja wa Mutakura alileta swali darasani, nalo lilikuwa na maana kubwa kuliko alivyodhani yeye mwenyewe. Alisema hivi: "Bwana Mwalimu, nyuma ya gereji moja karibu na kwetu, mafundi walikuwa wakimwaga mafuta machafu ya mashine na maji ya betri mbovu. Majirani walipolalamika, mwenye gereji alileta mikokoteni mitatu ya mchanga safi, akapafunika. Sasa hapana harufu wala weusi, na mama mmoja amekwisha panda lengalenga pale. Je, mahali pale pamekuwa safi?"

Wenzake wengi walijibu, "Ndiyo, kwa kuwa uchafu hauonekani tena." Katika somo hili twataka kuonyesha kwa nini jibu hilo si sahihi, na kazi gani ilipasa kufanywa.

Maji yaliyo chini ya miguu yetu

Watu wengi hudhani kwamba ardhi ni kitu kizima kama jiwe. Sivyo. Kati ya chembe na chembe za udongo pana nafasi ndogo ndogo. Karibu na juu, nafasi hizo zina hewa na unyevu. Ukichimba zaidi utafika mahali ambapo zote zimejaa maji. Hayo ndiyo maji ya ardhini, ambayo twayapata kisimani. Tena hayatulii kama maji ya mtungini, bali huenda polepole yakifuata mteremko.

Mji wa Bujumbura una mteremko ulio wazi: mashariki ni milima ya Mumirwa, magharibi ni Ziwa Tanganyika. Basi kwa kawaida maji yanayoingia ardhini katika mitaa kama Mutakura, Cibitoke na Kamenge huwa safarini kuelekea ziwani. Nalo ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana. Tukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji wetu hutekwa katika ziwa hilo hilo.

Tabia za sumu

Sumu zote hazina tabia moja, na asiyejua tabia ya sumu hawezi kuiondoa. Twaweza kuzigawa katika mafungu manne.

Kwanza, zile ziyeyukazo katika maji, kama chumvi za mbolea za dukani. Hizo husafiri pamoja na maji hadi kisimani. Pili, petroli na dizeli, ambazo ni nyepesi kuliko maji. Zikishuka ardhini huelea juu ya maji yale, na sehemu yake huyeyuka kidogo kidogo. Tatu, maji mazito ya viwandani, kama yale ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Hayo huzama ndani ya maji ya ardhini mpaka yazuiliwe na tabaka gumu, na kuyafuata huko ni kazi ngumu mno. Nne, sumu zinazoshikamana na udongo, kama madini ya risasi na dawa ya DDT. Hizo hukaa sana karibu na juu, zikamfikia mtu kwa vumbi, kwa mikono ya watoto wachezao chini, na kwa udongo ulioganda kwenye mboga.

Jaribio la kufanya nyumbani

Chukua chupa ya plastiki, ikate kitako, toboa kizibo matundu madogo, kisha iinamishe juu ya bilauri. Ijaze mchanga. Mwaga kijiko kimoja cha wino juu yake, na ungoje kidogo. Sasa ondoa mchanga wote uonao wino, weka mchanga safi mahali pake, kama alivyofanya mwenye gereji. Kwa macho, kazi imekwisha. Halafu mimina maji polepole juu yake, mara tatu au nne, kama mvua. Tazama rangi ya maji yatokayo chini.

Rudia jaribio, lakini safari hii weka chini ya mchanga tabaka la mkaa uliotwangwa ukawa laini. Utaona rangi imepungua, kwa sababu mkaa una vitundu vingi vinavyoikamata. Lakini angalia, usiyanywe maji hayo. Maji kuwa meupe si dalili kwamba hayana sumu.

Habari ya Vikuge

Jambo tuliloliona katika chupa lilitokea kweli, tena kwa ukubwa wa kutisha, katika shamba la Vikuge, wilaya ya Kibaha, nchini Tanzania. Mwaka 1986 shamba hilo lilipokea msaada wa tani 170 za dawa za kuua wadudu kutoka Ugiriki, na baadhi ya dawa hizo zilikuwa zimekwisha pitwa na wakati. Ziliwekwa katika banda lililo wazi, na baadaye banda likaanguka. Mvua ikanyesha juu ya dawa.

Baada ya muda mabaki yaliyoonekana yaliondolewa, na mpita njia angesema kazi imekwisha. Lakini wataalamu walipokwenda kupima, na matokeo yao yakachapwa mwaka 2004, waliona mambo mengine. Udongo wa juu wa mahali pengine ulikuwa na DDT na mabaki yake hadi asilimia 28. Maana yake, ukichota gramu 100 za udongo ule, gramu 28 zilikuwa sumu. Walichimba hadi sentimita 50, wakaikuta huko pia. Katika maji waliyoyapima palikuwa na sumu za namna hiyo hadi mikrogramu 30 kwa lita. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu zaidi ya nusu mikrogramu ya dawa zote za wadudu kwa lita ya maji ya kunywa. Fanya hesabu mwenyewe: ni mara 60.

Wataalamu wale walisema kwamba udongo wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa taka ya sumu. Kilichoondolewa ni kile tu kilichoonekana.

Njia za kusafisha

Njia ya kwanza ni kuchimba na kuondoa. Ni ya haraka, lakini lazima tuulize: udongo ule wapelekwa wapi? Ukimwagwa bondeni, taabu imehamia kwa mtu mwingine. Wapaswa kufukiwa katika shimo lililotandikwa tabaka lisilopitisha maji, au kuchomwa katika tanuru la moto mkali sana lililojengwa kwa kazi hiyo.

Njia ya pili ni kuvuta maji kwa pampu, kuyapitisha katika mkaa maalum, na kuyarudisha. Ni jaribio letu la chupa, ila kwa mashine kubwa. Udhaifu wake ni kwamba sumu iliyoshika chembe za udongo hutoka kidogo kidogo, hata pampu huweza kufanya kazi miaka ishirini au zaidi.

Njia ya tatu ni ukuta wa chuma. Mwaka 1991 watu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walijaribu kuweka ardhini ukuta wa vipande vidogo vya chuma uliopitisha maji. Chuma kiliposhika kutu, kilizivunja sumu za viwandani zenye klorini zilizokuwa zikipita na maji.

Njia ya nne ni kuwatumia bakteria. Wako bakteria wa udongo ambao chakula chao ni mafuta, nao hufanya kazi vizuri wakipata hewa, unyevu na mbolea. Lakini hawaendi mbio. Tarehe 20 Agosti 1979 bomba la mafuta lilipasuka karibu na Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani. Baada ya kusafisha, mapipa kama 2,500 yalibaki ardhini. Bakteria wameyala miaka yote hii, na mafuta mengine yangali yapo.

Risasi hailiwi

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Mafuta yaweza kuvunjwa, kwa kuwa yameundwa kwa kaboni na hidrojeni. Risasi ni elementi. Hakuna bakteria wala moto uwezao kuigeuza kuwa kitu kingine. Hiyo yaweza kuondolewa, au kufungiwa mahali pamoja tu. Nayo hudhuru hasa akili za watoto wadogo.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na wakazi wakapata madhara ya risasi. Mama Phyllis Omido akawaongoza kudai haki. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kuamuru udongo na maji visafishwe. Kesi ilikatiwa rufaa, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha fidia hiyo. Basi betri moja iliyotupwa ovyo si jambo dogo.

Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa vumbi la risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani. Kwanza safu ya juu ya udongo iliondolewa nyumba kwa nyumba na kufukiwa mbali. Baadaye ndipo udongo safi ukawekwa. Madaktari walingoja nyumba ya mtoto isafishwe kabla ya kumpa dawa ya kutoa risasi, kwani mtoto anayerudi kwenye vumbi lile lile hatibiwi.

Jibu la swali

Sasa twaweza kumjibu ndugu yetu wa Mutakura. Mahali pale si safi. Mafuta yako chini ya mchanga na mvua itayasukuma, na risasi ya betri iko pale pale, itaibuka siku jembe litakapopita. Mama yule aambiwe kwa heshima asile lengalenga lile, wala asilime tena pale. Watoto wasichezee hapo. Anayechota maji ya kisima kilicho upande wa chini asiyanywe mpaka yapimwe, na kuyachemsha hakutoshi, kwa maana moto wa jiko huua vijidudu lakini hautoi risasi.

Kisha wakubwa wa mtaa waende ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, OBPE, waombe udongo upimwe. Ule wenye mafuta peke yake waweza kutandazwa juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, ukachanganywa na samadi, ukanyunyiziwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, ili bakteria wafanye kazi. Ule wa betri usichanganywe nao. Utiwe katika mapipa yenye vifuniko, nao wataalamu waamue pa kuupeleka. Kazi hiyo si ya wanafunzi, wala ya mikono mitupu. Na ninyi mliokwisha maliza shule, ambao wengine mna gereji zenu, wekeni pipa moja la mafuta machafu na sanduku moja la betri kuukuu. Gharama yake ni ndogo kuliko kuchimba mtaa mzima.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Udongo nao una maradhi yake.

Maswali

1. Kwa nini petroli na DDT hazifuati njia moja ardhini?
2. Kwa nini bakteria hawawezi kusafisha udongo wenye risasi?
3. Eleza tofauti kati ya mchanga uliowekwa na mwenye gereji na udongo safi uliowekwa Zamfara.
4. Chora ramani ya mtaa wako, uonyeshe visima, gereji, na upande ambao maji ya mvua huelekea. Ni kisima gani kiko hatarini zaidi?