JINSI YA KUUNDA SETI YA SOKETI NYUMBANI NA KUITUNZA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nimeona yafaa niandike katika gazeti letu la shule habari za soketi na racheti. Wengi wetu tutamaliza mtihani mwezi wa Novemba, na si wote tutakaokwenda Kidato cha Tano. Wengine watashika spana. Tena hata yule atakayeendelea na masomo, huenda kwao pana pikipiki, pampu au mashine ya kusaga, na siku nati itakapokataa kufunguka yeye ndiye atakayeitwa, kwa kuwa husemwa kwamba amesoma. Ndivyo nilivyoitwa mimi, na nitaeleza yaliyonipata.

Kwanza nieleze soketi ni kitu gani, maana nilipolitaja neno hili bwenini rafiki yangu mmoja alidhani nasema tundu la umeme la ukutani. Soketi ya fundi ni kikombe kidogo cha chuma cha pua. Upande mmoja kina mdomo wenye pembe, nao huvaa kichwa cha nati au bolti. Upande wa pili kina tundu la mraba, na humo huingia mkono wa kuzungushia. Mafundi wengine huiita spana boksi.

Racheti ndiyo mkono wenyewe. Ndani ya kichwa chake mna gurudumu dogo lenye meno, na ulimi wa chuma unaosukumwa na springi. Ukivuta upande mmoja, ulimi hukamata jino na nati huzunguka. Ukirudisha mkono, ulimi huruka juu ya meno ukilia kr-kr-kr, na nati hukaa pale pale. Kwa hiyo huna haja ya kuitoa spana na kuirudisha tena kila mara. Racheti yenye meno 36 huhitaji nafasi ya digrii 10 tu ili ishike jino jingine, na yenye meno 72 huhitaji digrii 5. Spana ya mdomo wazi huhitaji digrii 60, au 30 ukiwa unaigeuza juu chini kila mara. Aliyewahi kufungua nati iliyojificha nyuma ya tangi la mafuta ataelewa mara moja faida yake.

Racheti ya soketi ilipewa hataza huko Marekani mwaka 1863. Lakini kwa miaka mingi baadaye mafundi waliendelea kutumia soketi zilizoshikamana na mikono yao, kila soketi na mkono wake. Mwaka 1920, Joseph Johnson wa mji wa Milwaukee aliona kwamba mikono 5 na soketi 10 zinazobadilishwa zaweza kufanya kazi ya spana 50. Hesabu yake ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tatu, lakini kabla yake wengi hawakuipiga.

Sasa nije kwenye habari yangu. Mjomba wangu ana mashine ya kusaga kijijini, upande wa Peramiho. Mashine hiyo huendeshwa na injini kongwe ya dizeli iliyotoka Uingereza. Juni mwaka jana, nilipokuwa likizo, mahindi yalikuwa yamevunwa na watu walikuwa wengi, madebe yamepangwa mpaka nje. Mfuniko mmoja wa pembeni ya injini ulikuwa ukivuja oili. Mjomba alikuwa amekwenda mjini kutafuta mkanda, nami nikasema nitaikaza nati kabla hajarudi. Nilikuwa na seti mpya ya soketi, ya bei ndogo, niliyonunua kwa fedha zangu za vibarua. Ilikuwa na vipande vingi vinavyong'aa, ndani ya sanduku la plastiki. Soketi ya 17 ilikataa kuingia. Ya 18 haikuwamo. Ya 19 iliingia kwa urahisi, hata ikawa inacheza kidogo, nami sikujali. Nikaweka kipande cha bomba kwenye mkono wa racheti ili nipate nguvu, nikavuta. Soketi ikateleza, mkono wangu ukagonga chuma, na nilipotazama niliona pembe zote sita za nati zimelika, imekuwa mviringo kama kifungo. Racheti nayo ikawa inazunguka huku na huku bila kushika. Ulimi wake ulikuwa umevunjika.

Mjomba aliporudi hakunigombeza. Aliitazama ile nati kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mjomba, ulipima?" Nikanyamaza.

Ilibidi achonge kwa tupa pande mbili za ile nati mpaka zikawa bapa, ndipo akaifungua kwa spana ya mabomba. Tukajaribu kuweka nati mpya ya bolti ya milimita 10, ikakataa. Mwishowe alikwenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, akatengenezewa nyingine. Mashine ililala siku tatu. Kina mama waliokuwa na madebe yao waliyajitwisha tena kwenda kusaga kijiji cha pili, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko mkono uliochubuka.

Sababu ya mkasa huo niliielewa baadaye. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya namna moja vya parafujo na nati, na mashine nyingi za Kiingereza za zamani zilifuata vipimo hivyo. Spana yake ikiandikwa 3/8 W, namba hiyo si upana wa mdomo wa spana, bali ni unene wa bolti. Mdomo wenyewe ni inchi 0.71, yaani milimita 18 hivi. Bolti hiyo ina unene wa milimita 9.5 na mizunguko 16 katika kila inchi, kwa hiyo nati ya milimita 10 haiwezi kuivaa sawasawa. Na mimi nilikuwa nimevisha nati ya 18 soketi ya 19.

Basi jambo la kwanza katika kuunda seti si kununua, ni kupima. Zunguka nyumbani na daftari, uandike kila nati iliyopo katika vyombo vyenu. Katika maabara yetu tunayo kalipa ya venia, ambayo tuliitumia Kidato cha Kwanza kupima vipande vya mbao, kisha tukaisahau. Nyumbani, ambako hakuna kalipa, ibane nati katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, viguse pande mbili zinazotazamana, kisha pima nafasi iliyobaki kwa rula yenye milimita. Kwa njia hiyo utaweza kutofautisha 17 na 18 na 19. Nilipofanya hivyo mwezi wa Desemba, nilikuta kwamba pikipiki ya mjomba, baiskeli, pampu na ile mashine vyote pamoja vyahitaji soketi 9 tu. Seti yangu ya kwanza ilikuwa na vipande zaidi ya arobaini, na ile moja iliyotakiwa haikuwamo!

Jihadhari pia na inchi na milimita. Soketi ya 19 na ya inchi 3/4 ni karibu sawa kabisa, kwa kuwa inchi 3/4 ni milimita 19.05. Lakini nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na ukiivisha soketi ya 13 iliyochakaa utaila pembe. Nati ya inchi 9/16 ni milimita 14.3, kwa hiyo soketi ya 14 haitaingia, na wale wasio na subira huipigilia kwa nyundo.

Ukisha kupima, nunua moja moja. Mimi nilianza na 10, kwa sababu ndiyo inayovaa bolti ndogo za milimita 6, ambazo ni nyingi katika pikipiki. Baadaye nikapata 12, 14 na 17, na mwisho 18 kwa ajili ya mashine. Nyingine nilizipata kwa wauzaji wa vyuma vilivyotumika. Chombo kilichotumika si kibaya. Tazama tu kama mdomo haukupanuka, kama hakuna ufa, na kama ukuta wake una unene sawa pande zote. Nenda na nati yako mfukoni, uivishe pale pale mbele ya muuzaji. Herufi CR-V huonyesha chuma cha pua kilichochanganywa na kromi na vanadi, lakini herufi yeyote aweza kuzichora, bali nati haidanganyi.

Chagua mdomo wenye pembe sita. Soketi ya pembe kumi na mbili huingia upesi, kwa sababu haikulazimishi kutafuta pembe yake, nayo yafaa kwa nati nzima. Lakini hiyo hushika karibu na ncha ya pembe, hali ile ya pembe sita hukumbatia ubavu wa nati. Kwa nati zetu zilizokwisha kula kutu, ya pembe sita ndiyo salama.

Tundu la mraba nalo lina vipimo vyake: robo inchi, inchi 3/8, nusu inchi na kuendelea. Yashangaza kwamba hata soketi za milimita zina mraba wa inchi, lakini ndivyo desturi ilivyoenea duniani kutoka Marekani. Kwa nyumba moja chagua mraba mmoja tu. Sisi tumechagua nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa ajili ya mashine. Mwenye pikipiki peke yake atatosheka na 3/8.

Kisha uwe na mikono miwili: racheti, na mkono mnene usio na meno ndani. Nati iliyokaza hufunguliwa kwa huo mnene. Ikisha kulegea ndipo racheti huchukua kazi. Katika fizikia tumefundishwa kwamba uwezo wa kuzungusha ni kani mara urefu wa mkono. Ukivuta kwa kani ya Newton 200 kwenye mkono wa mita 0.25, wapata Newton-mita 50. Ukiongeza bomba mpaka mita 0.5, wapata 100, na zote 100 huangukia ulimi ule mdogo wa racheti, ambao katika racheti nyingi si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Hivyo ndivyo nilivyouvunja wa kwangu. Tena, daima vuta kuja kwako, usisukume, ili soketi ikiteleza usiangukie chuma.

Sasa habari ya kuhifadhi. Lile sanduku la plastiki halikufaa kitu: vifungo vilikatika mwezi wa kwanza, na soketi zikawa zinachanganyika humo kama kokoto. Nikatengeneza ubao. Nilichukua kipande cha paina chenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 12, kilichokaa darini miezi mingi mpaka kikakauka. Usitumie mti mbichi, kwa maana hutoa maji na asidi, nao utazila soketi kutu wakati wewe wadhani umezihifadhi. Kwa keekee nikatoboa matundu 9, nikapigilia vigingi vya mviringo vyenye unene wa milimita 12. Kigingi cha milimita 12 huingia katika tundu la mraba la 12.7 bila kubana wala kuanguka. Chini ya kila kigingi nikaunguza namba kwa msumari wa moto. Ubao wote huingia katika sanduku la mbao lenye bawaba, ambalo si zuri sana kwa kuwa pembe zake hazikukutana, lakini hufungika.

Faida ya vigingi ni kwamba pengo huonekana. Jioni mjomba hutazama ubao mara moja tu, na kigingi kitupu humwambia kwamba soketi fulani imebaki juu ya injini au imeanguka katika pumba. Zamani tulikuwa tukigundua jambo hilo siku kazi imekwisha kuharibika.

Songea mvua hunyesha kutoka Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kutu haingoji. Baada ya kazi, osha soketi kwa mafuta ya taa, zikaushe kwa kitambaa, kisha zifute kwa kitambaa chenye oili kidogo ya injini. Usiziviringishe katika gunia wala sponji, kwa kuwa hivyo hushika unyevu. Ndani ya racheti tia matone mawili ya oili nyepesi, wala usishindilie grisi nzito, maana ulimi utanata na hautarudi kwenye jino. Usiiweke sakafuni penye udongo. Sanduku letu limekaa juu ya rafu, mbali na mlango.

Limebaki suala la majirani. Kunyima chombo ni vigumu, na kuazima bila kumbukumbu ndiko kunakomaliza seti. Mwaka huu, mwezi wa Juni, nilikata vipande vya bati, nikavitoboa, nikaviweka sandukuni pamoja na msumari wa kuandikia. Anayeazima huandika jina lake juu ya bati, na bati huvikwa kigingi mahali pa soketi, kama kadi ya kitabu katika maktaba yetu. Wengine walicheka mwanzoni. Nilipoondoka kurudi shuleni, kigingi cha 14 kilikuwa na bati lenye jina la jirani yetu, dereva wa bodaboda. Mwezi wa Agosti, siku ya wazazi, mama alikuja kunitazama, na baada ya salamu na habari za nyumbani aliniambia kwamba ile ya 14 imerudi, na kwamba ilirudi imefutwa oili.