Baiskeli kwa Mtu Mfupi

Hospitalini tunawapokea watu wazima wafupi walioanguka kwa sababu baiskeli imewazidi kimo. Ile nyeusi ya tairi za inchi 28 haimfai mtu wa futi nne na nusu, hata kiti kikishushwa hadi mwisho.

Kabla ya kununua, panua miguu usimame juu ya bomba la katikati, nyayo zote chini. Ibaki nafasi ya vidole viwili kati yako na bomba. Kisha keti, mtu akushikie. Kisigino kikiwa kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuyumba. Vidole vifike kwenye breki.

Tafuta ya inchi 24, au ya kike. Wanaume huionea haya, lakini ni rahisi kushuka upesi.